Waya Ndani ya Plasta

Jumatatu, 3 Juni

Binti kasema niandike. Kasema tangu mama yake afariki naongea na ukuta, na ukuta haujibu. Nikamwambia daftari nalo halijibu. Kasema ndiyo, Baba, lakini daftari majirani hawalisikii.

Haya. Naandika.

Kazi leo: zege. Kutwa nzima toroli, zege, toroli, zege. Mgongo umekufa.

Habari kubwa ni hii. Jumamosi binti anaapishwa unesi. Huko aliko ni mbali, mpaka upande ndege. Sherehe itaonyeshwa kwenye intaneti. Jana kaingia kwenye laptop aliyoniachia, na yeye yuko huko huko! Nimekaa natazama, mshale unatembea wenyewe kama mende. Kanipangia kila kitu. Kasema Jumamosi saa nne niiwashe tu, itafungua yenyewe, nisiguse kitu. Intaneti ni ile ya mama mwenye nyumba.

Mpaka hapo raha. Kisha akaharibu. Kasema hiyo kompyuta ni ndogo, niibebe niende kwa mjomba wake, iunganishwe na televisheni, tuangalie wote.

Mjomba wake ndiye shemeji yangu. Kaka wa marehemu mke wangu. Anakaa chumba cha mbele, ng'ambo ya ua. Alikuwa dereva wa mkurugenzi. Yeye kastaafu, koti halijastaafu. Chumbani kwake kuna kiti kimoja cha maana, na anakaa yeye. Mgeni anapewa kigoda. Rimoti anaishika kama fimbo ya utawala, na kila kitu anakieleza kabla hakijatokea. Siku ya harusi yangu alisimama mbele za watu akasema dada yake kaolewa na toroli. Ukumbi mzima ulicheka. Mke wangu naye alicheka, lakini alinifinya mkono chini ya meza. Baadaye akaniambia bora toroli, linajua kubeba.

Sitaangalia kiapo cha mwanangu nimekaa kwenye kigoda cha Shemeji. Nitaangalia kwangu.

Laptop naiweka chini ya godoro, kuzuia wezi. Jioni nimeingia na mgongo wangu uliokufa, nikajitupa kitandani. Kah! Kama biskuti.

Nimeitoa. Inawaka, inanguruma, lakini kioo chote kimepasuka na weusi umetapakaa. Imebaki kona moja yenye mwanga, ukubwa wa stempu.

Mwizi hakuja. Kikulacho ki godoroni mwako.

Jumanne, 4 Juni

Bahati! Kazini wamehamisha ofisi ya msimamizi. Wakatupa nje viti vibovu, makopo, na skrini moja ya kompyuta, ile ya mezani. Pana! Waya wake wa umeme upo. Nikamwomba msimamizi. Kaniuliza mimi na kompyuta wapi na wapi. Nikamwambia ni ya vifaranga, wapate mwanga. Kanipa kwa ajili ya vifaranga.

Sina hata yai.

Nikaisukuma kwenye toroli mpaka nyumbani, nimeifunika na mfuko wa simenti. Shemeji yuko mlangoni kwake, kama kawaida yake, analinda ua ambao hakuna aliyemwomba alinde. Kauliza nimebeba nini. Nikamwambia kioo cha kunyolea. Kasema kwa sura yangu kingetosha kimoja kidogo.

Nimeenda kwa fundi simu, yule dada wa kibanda cha kona. Ana adabu. Shikamoo yake inatoka kabla hujafika. Nikamweleza. Kasema laptop yangu ni kama mtu aliyepofuka: kichwa kizima, macho ndiyo yamekufa. Ichomekwe kwenye skrini nyingine kwa waya unaofaa, itaona. Ila nilete vyote viwili aangalie matundu yake.

Kuleta vyote viwili ni kupita mlangoni kwa Shemeji kwenda na kurudi. Hapana. Nikamwambia sina haja. Tundu la skrini nimeshalipima kwa kijiti cha kiberiti, na kijiti hiki hapa. Kauliza, na tundu la laptop? Nikamwambia mwanangu, nimelaza mabomba kabla hujazaliwa. Bomba mdomo wake wa huku ndio mdomo wake wa kule. Kama huku pana, kule pana.

Kasema mzee wangu, waya siyo bomba.

Watoto wa siku hizi. Wanajua simu, mabomba hawayajui.

Kanipa nilichotaka. Waya mrefu, mweusi, ncha zote mbili pana, sawasawa. Kasema nijaribu kwanza kabla ya lolote. Nikasema sawa. Watu wakishakuwa na kibanda wanapenda kukuambia ujaribu kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimesema naumwa mgongo. Siyo uongo.

Mpango huu hapa. Skrini itakaa juu ukutani, karibu na dari, kama benki. Nataka Shemeji akija aangalie juu. Miaka yote mimi ndiye naangalia juu. Waya utashuka mpaka mezani, penye laptop. Lakini kesho mama mwenye nyumba anazungukia vyumba, na hataki kuona waya unaning'inia tangu mpangaji mmoja aunguze pazia. Akiuona anaukata kwa mkasi wake mwenyewe. Mkasi anatembea nao.

Kwa hiyo waya utaingia ndani ya ukuta. Kama nyumba za wakubwa.

Nimechukua patasi na nyundo. Nimetindua mfereji kutoka juu mpaka mezani. Vumbi kitandani, vumbi kwenye chai, vumbi kwenye meno. Shemeji kaja kugonga mlango. Kauliza kuna nini. Nikamwambia nafukuza panya. Kasema panya huyo labda ana kitambulisho cha taifa, kwa kelele hizi.

Nimelaza waya. Nimekoroga mchanga na simenti kwenye toroli, kidogo, laini kama uji. Nimepiga plasta.

Kazini sipewi mwiko. Kazini mimi nabeba, wenzangu wanapiga. Leo nimepiga mwenyewe, taratibu, nikapitisha sponji, nikapitisha brashi. Ni ukuta wa upande aliokuwa akilala marehemu. Angeuona angesema mbona mistari haijanyooka. Imenyooka.

Skrini nimeifunga juu kwa misumari ya zege na vipande vya bati. Haitoki hata kwa tetemeko.

Sijajaribu. Plasta haishikwi mpaka ikauke.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mwenye nyumba kapita asubuhi kabla sijaenda kazini. Kaangalia juu, kaangalia chini. Nikajua nimekwisha. Akapitisha kiganja ukutani. Kasema tangu ajenge nyumba hii hajawahi kuona plasta ya namna hii. Kauliza ni nani kaipiga. Nikasema mimi. Kasema kumbe nina ufundi naficha. Kisha kasema na bafu lake lina ufa, nitalipitia lini?

Ndiyo faida ya kusifiwa. Kazi nyingine.

Jioni plasta imekauka. Nimenawa mikono kama daktari. Ncha ya juu nimeichomeka kwenye skrini. Imeingia, tii, kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Ncha ya chini nimeipeleka kwenye laptop.

Haiingii.

Nimegeuza. Haiingii. Nimegeuza laptop. Haiingii. Nikawasha tochi nikaangalia. Laptop yenyewe nyembamba kama kitabu cha mtoto, na kitundu chake kidogo, cha mviringo, kama jicho la mtu anayesinzia. Waya una mdomo mpana kama mjumbe wa mtaa.

Kazini kisichoingia kinagongwa. Nikageuza nyundo, nikatumia mpini, nikagonga kidogo. Kidogo tu. Laptop ikalia. Nikaacha.

Sasa nina waya mzuri sana. Hautoki, na haufai. Hata nikitaka kumrudishia fundi simu, nimpelekee na ukuta.

Nimekaa kitandani. Nikaongea na ukuta. Nilidhani ukiwa na waya ndani labda utasikia.

Shemeji kapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, eti Jumamosi hiyoo, nimpelekee kompyuta mapema aipashe moto. Kompyuta siyo gari! Nikamjibu imelala.

Imelala kweli.

Ijumaa, 7 Juni

Nilitoka kazini, nikapitia kwa fundi simu. Nikamweleza hali. Hakunicheka. Kasema samahani mzee wangu, akaenda nyuma ya kibanda, nikasikia kibanda kinatikisika, akarudi anafuta macho.

Kasema waya ninaotaka una ncha mbili tofauti. Ncha ndogo ya mviringo inaingia kwenye laptop, ncha pana inaingia kwenye skrini. Ndogo laptop, pana skrini. Kanirudilia mara mbili kama mtoto wa chekechea. Nikasema nimesikia, nipe huo. Kasema alikuwa nao mmoja. Kanunua mzee mmoja tangu Jumatatu, mwenye koti.

Mwenye koti!

Nikaenda moja kwa moja. Shemeji yuko kwenye kiti chake. Waya uko juu ya televisheni, umekunjwa vizuri, umefungwa na mpira. Kumbe binti alimpigia simu yeye pia. Kamwelekeza waya gani, kamtumia na picha yake. Kamwambia mjomba nunua wewe, Baba tusimsumbue na mambo haya.

Tusimsumbue. Mimi niliyepasua ukuta.

Nikaanza kwa akili. Nikamwambia Shemeji, waya huu chumbani kwako utaliwa na panya, nipe nikuhifadhie. Kasema panya si nilimuua Jumatano? Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia televisheni yake ya zamani, waya mpya utaitisha. Kasema televisheni yake imeona marais wakija na kuondoka, haitishwi na waya. Kasema nilete laptop, basi, mambo yaishe.

Nikasema alete waya.

Kasema bila waya wake nitaangalia ukuta. Nikasema bila kompyuta yangu yeye ataangalia waya.

Wazee wawili, kila mmoja na nusu ya kitu. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo, kasikia yote. Kaingia, mkasi mfukoni. Kasema yule mtoto ni mmoja, na nyinyi mnamgawana kama godoro la urithi. Kasema si tuangalie wote kwenye simu yake tu, binti atamtumia hiyo namna ya kufungulia, yamekwisha.

Tukamgeukia pamoja. Kwenye simu? Mtoto aliyesoma miaka yote ile aonekane ukubwa wa pipi? Shemeji kasema hapana. Mimi nikasema hapana. Hapo tu ndipo tulipokubaliana, tangu siku ya harusi.

Mama mwenye nyumba kasema basi tukae hivyo hivyo. Akachukua beseni lake akaenda.

Nimerudi kwangu. Skrini iko juu, nyeusi, inanitazama. Kesho saa nne.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika mwandiko umepinda. Siyo uzee. Ni toroli.

Nianze asubuhi. Nimeoga. Nimevaa shati la buluu, lile mke wangu alilonichagulia, kola imeisha lakini kwa mbele haionekani. Nikakaa kitandani na laptop mapajani. Nikangoja Shemeji ashindwe. Ua kimya. Nikachungulia dirishani. Mlango wake umefungwa. Saa nne inakaribia.

Nikafikiria. Kigoda ni kigoda. Hakimuui mtu. Mtoto kuapa ni mara moja. Mke wangu angekuwepo angeshaniburuta huko tangu alfajiri.

Nikainuka na laptop yangu. Nikafungua mlango niende kwa Shemeji.

Shemeji yuko mlangoni. Koti, viatu vimepigwa rangi, waya mkononi. Mkono mwingine umeinuliwa kugonga.

Tukaangaliana. Nikaificha laptop nyuma ya mgongo. Nikamuuliza anatafuta nini. Kasema alikuwa anapita. Mlango wangu ni wa mwisho, ukiupita unagonga choo. Nikamwambia karibu. Aliyefika ndiye mgeni, na mgeni hachagui kiti. Nikamgeuzia ndoo. Akakaa juu ya ndoo na koti lake.

Nilishinda. Kwa muda kama wa kupiga chafya hivi.

Waya ni mfupi! Binti kaununua... hapana, kaununua Shemeji, lakini binti alipima kwa akili ya televisheni iliyo juu ya meza. Skrini yangu iko karibu na dari. Ncha pana nikaichomeka juu, ncha ndogo inaning'inia juu ya meza, mbali, kama buibui. Kushusha skrini haiwezekani. Misumari ya zege. Tetemeko, si nilisema.

Shemeji kauliza ni nani aliyeiweka juu vile. Nikamwambia fundi. Kasema fundi huyo anyang'anywe mwiko.

Nikapandisha kigoda changu mezani. Hakifiki. Nikapandisha na ndoo, Shemeji kasimamishwa. Haifiki. Kitu pekee kilichobaki chumbani chenye kimo kilikuwa toroli. Nalaza toroli ndani, wezi. Nikalipindua juu ya meza, tumbo chini, mgongo juu. Laptop juu ya mgongo wa toroli. Waya umefika! Ila mgongo wa toroli umeinama na una utelezi, laptop inateremka kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Basi mimi nikashika toroli lisiondoke, Shemeji akashika laptop isianguke. Mikono juu, wote wawili, kama watu waliokamatwa.

Nikawasha kwa kidole gumba.

Skrini ikawaka!

Kilima. Kilima cha kijani, anga la buluu, wingu moja. Pazuri. Kwenye laptop sauti inasikika, watu wanaongea, viti vinavutwa, mtu anapiga kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Mama mwenye nyumba kaingia, kasimama mlangoni. Kasema kumbe huko kumetulia hivi, hata mtu hakuna. Shemeji akaanza kueleza. Kasema hilo ndilo eneo la sherehe. Watu watatokea nyuma ya kilima, kwa mstari. Alipokuwa na mkurugenzi aliona mengi ya namna hii.

Tukaangalia kilima. Hotuba ikaanza. Tukaangalia kilima. Mkubwa wao akashukuru wazazi. Tukashukuriwa, tukaangalia kilima. Mikono inawaka moto. Shemeji kasema bado kidogo, watatokea upande wa kushoto, kwenye wingu.

Wakaanza kutaja majina. Moja moja, na makofi. Na kilimani hatokei mtu! Hata mbuzi!

Kisha likatajwa jina la binti. Na baada yake la kwangu, lote, mpaka la babu. Kazini mimi ni We Toroli. Sikumbuki lini mtu alitaja jina langu lote, na kwenye kipaza sauti. Watu wa huko wakapiga makofi. Na mimi naangalia nyasi.

Nikasema kwa nguvu, yuko wapi? Shemeji akanyoosha shingo kutafuta nyuma ya kilima.

Hapo ndipo fundi simu alipoingia. Alifunga kibanda kidogo aje aone waya umefikia wapi. Kaangalia skrini, kaangalia toroli, kaangalia wazee wawili mikono juu. Kauliza mbona tunaangalia picha ya ukutani ya kompyuta. Kasema sherehe iko kwenye kile kioo kilichopasuka, huku juu ni pambo tu. Inabidi kuiambia laptop ionyeshe pande zote mbili sawasawa. Akapanda kitandani na viatu, akabonyeza vitufe viwili pamoja, kisha kimoja.

Kilima kikaondoka.

Watu! Ukumbi umejaa. Na kwenye njia ya katikati mtu anarudi kwenye kiti chake, nguo nyeupe, katugeuzia mgongo.

Nilimjua kwa mwendo. Bega la kushoto linatangulia kidogo, kama anapita kwenye mlango mwembamba. Mwendo wa mama yake. Shemeji kasema, Dada. Hakueleza kitu.

Wakasimama wote kuapa. Wakageuka upande wetu. Nikamwona uso. Mdogo kama tembe ya dawa, mstari wa pili, lakini wake. Anatamka anavyotamka, meno mbele. Shemeji machozi yanamtoka na hana mkono wa kufutia. Mimi ni jasho. Nasema ni jasho. Mama mwenye nyumba akapita akatufuta wote wawili kwa kitambaa kimoja, anasema wazee wazima, wazee wazima, simameni vizuri mtaangusha mtoto.

Hatukumwangusha.

Ilipokwisha hatukuweza kushusha mikono. Fundi simu alitushushia, mmoja mmoja, kama mabango. Shemeji kanyoosha koti. Alipofika mlangoni akaligonga toroli kwa ngumi, mara moja. Kasema kumbe linabeba.

Nilimwambia arudishe kigoda mahali pake.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala kutwa. Mabega si yangu.

Binti kapiga simu. Kauliza, Baba, umeniona? Nikamwambia nimeona kila kitu. Kauliza alipoitwa aliteleza kidogo, nilicheka? Nikasema hakuteleza, nilikuwa naangalia. Kacheka. Kasema mjomba kashampigia, kamweleza kuhusu kilima.

Mtu hawezi kufunga mdomo hata siku moja!

Kauliza laptop haijambo? Nikasema haijambo, imepumzika. Kauliza naiweka wapi. Nikasema mahali salama. Kasema Jumapili ijayo jioni atapiga kwa video, tumwone na yeye atuone, sisi wote, na mjomba. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Sikutaka kuharibu. Nikasema kila kitu kiko tayari.

Shemeji kamtuma mama mwenye nyumba aulizie waya wake. Siyo haraka, kasema, ila aulizie.

Mama mwenye nyumba kaona waya unaning'inia kutoka juu. Hakuukata. Kauangalia tu, na mkasi akautoa mfukoni akaurudisha. Kasema ananipa mpaka kesho. Na bafu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefikiri kazini kutwa, nikisukuma zege. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, skrini ilikaa juu mno. La pili, waya wa Shemeji ni wa Shemeji.

Yote nimeyamaliza jioni hii.

Skrini nimeing'oa. Imetoka na kipande cha ukuta, lakini imetoka. Nimeishusha mpaka usawa wa kifua, waya sasa unatosha. Ule waya wa zamani nimeuacha humo humo, hauli chakula. Nimetindua mfereji mpya pembeni, mfupi. Shemeji kagonga. Nikamwambia panya alikuwa na ndugu. Kauliza waya wake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, uko mahali pagumu.

Sasa aje audai. Atauchukua na nyumba.

Nimeulaza vizuri. Nikakumbuka maneno ya fundi simu, ndogo na pana, pana na ndogo. Ncha ndogo nimeitoa juu, ikae na skrini. Ncha pana nimeitoa chini mezani, ikae na laptop. Inapendeza. Kitu kipana kikae chini, kidogo juu, ndivyo hata kuta zinavyojengwa.

Nikapiga plasta. Safari hii nzuri kuliko ya kwanza. Nikapitisha sponji, nikapitisha brashi. Nimemwambia mama mwenye nyumba aje kuona. Nimemwambia na Shemeji ajiandae kwa Jumapili, aje na kiti chake. Laptop nimeirudisha chini ya godoro, wezi wamezidi.

Sijajaribu. Plasta haishikwi mpaka ikauke.